Wasifu wa Mtu Aliye Hai

Nyasubi, Kahama
11 Juni 2023

Kwa binti yangu Melania,

Mwangaluka, ng'wanawane, mwanangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Nyarugusu, umekaa ofisini kwenye kile kiti cha kuzunguka ulichonisimulia. Sisi hapa hatujambo. Mimi ni kifua kidogo tu, na hicho unakijua, tumezeeka nacho.

Mdogo wako Juliana ananicheka, anasema siku hizi hakuna mtu anayeandika barua. Nikamwambia simu ni ya wenye masikio. Ya kwangu niliyaacha kwenye kelele za jineri, kile kiwanda chetu cha kuchambua pamba, na zile herufi za ujumbe wa simu ni ndogo kama chawa. Kwa hiyo utanivumilia, utaendelea kupokea bahasha zangu kwa kondakta wa basi la Geita.

Nina jambo. Juzi tulimzika Thobias, yule mrefu aliyekuwa anafunga marobota ya pamba. Wasifu ulisomwa na mpwa wake, kijana wa suti. Mimi na mwenzangu Wiliam tulikaa benchi la nyuma tunatazama midomo tu, tukajua yanasemwa makubwa. Tulipotoka nikamwambia Juliana aniandikie yaliyosomwa. Akaniandikia: alizaliwa, akasoma, akaajiriwa kiwandani, akaoa, akaugua, akafariki. Nikamuuliza, ndiyo yote? Akatikisa kichwa kwamba ndiyo yote. Thobias huyo huyo aliyeingiza mkono kwenye mashine inayozunguka ili amchomoe mwenzake! Sikula siku hiyo.

Nadhani sikuwahi kukusimulia kwa nini nilikusomesha Kiingereza na historia na hayo mambo ya hadithi, wakati mtaa mzima ulisema nimerogwa, mtoto mwenye akili asomee udaktari. Zamani alikuja mzungu wa mashine kukagua. Tukapewa nafasi tuseme shida zetu. Nikasimama nikasema habari ya vumbi, ya masikio, ya yule mwenzetu aliyekatwa mkono, nikasema mpaka jasho likanitoka. Mkalimani akamgeukia mzungu, akasema maneno matatu. Mzungu akaitikia, wakaenda kunywa chai. Siku hiyo nikaapa kwamba nikipata mtoto atasoma mpaka ajue kusema mambo ya watu bila kuyakata.

Basi niandikie wasifu wangu. Sasa hivi, nikiwa hai. Siku yenyewe mtawasomea wengine, mimi hata ningekuwepo nisingesikia. Nataka niusome kwa macho yangu, nijue nimesemwaje.

Juliana anakusalimu, anasubiri matokeo ya kidato cha sita.

Mimi baba yako,
Ndaki Mihayo


Nyarugusu
25 Juni 2023

Baba mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, nikacheka hapo kwenye chawa, nikafika mwisho nikaacha kucheka.

Baba, hilo usiniambie tena. Wasifu unaandikwa mtu akishatangulia. Kumwandikia mtu anayekula na kutembea ni uchuro, wewe mwenyewe ulitufundisha hivyo. Bibi alikuwa anatupiga tukiigiza msiba na wanasesere. Leo wewe ndiye unayejichuria? Utaishi mpaka uwaone wajukuu, na hao wajukuu ndio watakaokuandika.

Kifua kitazame, usikae kwenye baridi ya asubuhi.

Mimi huku naendelea vizuri. Kazi ni nyingi ofisini, wageni wanaingia na kutoka, natafsiri mikutano siku nzima mpaka sauti inakauka. Ndiyo maana sijaweza kuja. Bosi anasema nikiondoka mambo yanasimama. Mwambie Juliana asiwe na wasiwasi na matokeo.

Nitakuletea sweta.

Mwanao,
Melania


Nyasubi
20 Julai 2023

Dada Mela,

Shikamoo dada. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu mbili. Kwanza, kwenye simu nitalia. Pili, baba kila nikishika simu ananikodolea macho mdomoni. Siku hizi anasoma midomo huyo, hata umbea wangu wote anaupata.

Matokeo yametoka, nimepata daraja la kwanza! Historia, Kiswahili na Kiingereza, vyote vizuri. Baba alinikumbatia hapo uani akapiga kelele mpaka majirani wakadhani kuna mwizi.

Sasa, dada, baba anaumwa. Ameniapisha nisikwambie. Hiki si kile kifua chake cha siku zote. Walimpiga picha hospitali, wakasema mapafu yamechoka na moyo unafanya kazi ya ziada. Akipanda ngazi za kanisani anasimama katikati anajifanya anasalimia watu. Usiku analala amekaa. Daktari aliniandikia mimi kwenye karatasi, baba akaichukua akaisoma, akaikunja akaweka mfukoni, akasema twende tukanywe chai.

Na ile barua yako ilimuumiza. Aliirudiarudia, kisha akanionyesha hapo penye uchuro, akasema kwa ile sauti yake ya jineri, "Mtu aliyesoma mpaka chuo kikuu bado anaogopa uchuro?" Akacheka, lakini jioni hakutoka kwenda kucheza drafti na Mzee Wiliam. Dada, mwandikie. Inakugharimu nini? Haombi kingine. Maji hanitumi, hata dawa ananikumbusha mimi badala ya mimi kumkumbusha. Anaomba hicho tu.

Halafu kuna langu. Natakiwa kuchagua kozi. Mimi moyo wangu uko kwenye Kiingereza na fasihi, kama wewe. Wenzangu wote wanakimbilia ununuzi na ugavi, wanasema huko ndiko kuna kazi, ukisoma fasihi utakuja kuuza vocha. Baba amesema, "Muulize dada yako, yeye ndiye mwenye ofisi." Basi nakuuliza. Niambie ukweli, nisome nini?

Mdogo wako,
Juliana


Nyarugusu
6 Agosti 2023

Juliana mdogo wangu,

Hongera. Nimerukaruka peke yangu humu ndani kama kichaa. Kisha nikasoma kuhusu baba, nikakaa chini.

Umeomba ukweli. Nakupa wote, na ukishamaliza kusoma, karatasi hii itie motoni. Ukinipigia atakusoma mdomo, ndiyo maana naandika.

Usisome nilichosoma mimi.

Ofisi hakuna. Ilikuwepo, kwa muda mfupi. Yule mgeni niliyekuwa namtafsiria alifunga mizigo akaondoka bila kuaga mtu, na kiti cha kuzunguka kilichukuliwa na mwenye nyumba. Nimeomba ualimu, nimeitwa kwenye usaili nimekuta umati umejaa uwanja mzima, wote wana shahada kama yangu. Nimeomba magazetini, nimeomba mashirika. Mwisho nikaona aibu kurudi nyumbani, kwa jinsi baba alivyonitangaza. Nikabaki hapa kwenye turubai na akina mama wa mwaloni, wanakooshea mawe yenye dhahabu. Makarasha yanatwanga mawe kutwa nzima, nami pia masikio yameanza kunivuma. Ningemwambia baba angecheka.

Unajua ninachofanya? Naandika wafu. Mchimbaji akifia duarani, ndani ya shimo la dhahabu, watu hapa wanamjua kwa jina la utani tu. Mwili hauwezi kupandishwa gari kwenda kwao bila maneno, ni desturi yao, na wenzake hawajui waseme nini. Mwenyekiti wao anaitwa Donatus. Siku moja alisikia nimesoma, akaja akaniuliza kama naweza kumwandikia mtu aliyekufa. Alikuwa kijana wanamwita Chuma, hakuna aliyejua jina la baba yake. Nikazunguka. Nikamuuliza mama aliyekuwa anamuuzia uji, nikawauliza waliolala naye turubai moja, nikawauliza hata waliogombana naye. Nikajua alikuwa anaimba Kisumbwa akifua nguo, anachukia maharage, na mguuni ana kovu la jembe la ng'ombe. Nikaandika, ikasomwa, watu wazima wakalia. Walipofika kwao Ushirombo, mama yake alitaka isomwe tena kabla ya kushusha jeneza. Tangu hapo mimi ndiye mwandishi wao. Wananilisha, wananichangia cha kujikimu. Nikiwa peke yangu naona nakula kwa vifo vya watu.

Ukiniuliza chuo kilinifaa nini, nitakwambia hicho tu. Kunifundisha kuuliza vizuri na kukaa na mambo ya mtu mpaka yajipange. Je, hiyo ni kazi? Hiyo nitaiandika wapi ninapoomba kazi? Chukua ugavi, mdogo wangu. Uwe na mshahara, uwe na kwenu. Hadithi utazisoma jioni.

Kuhusu wasifu wa baba, siwezi. Nimewaandika wengi, na kila niliyemwandika alikuwa amekufa. Nikishika kalamu nikaandika "Mzee Ndaki Mihayo alikuwa", nitakuwa nimemzika kwa mkono wangu. Usinilazimishe.

Nitakuja. Nipe muda nijue nitamwambia nini usoni.

Dada yako,
Melania


Nyasubi
27 Agosti 2023

Melania,

Bahasha iliandikwa "Familia ya Mzee Ndaki". Katika nyumba hii anayefungua bahasha ni mimi, hilo unalijua tangu ukiwa mdogo. Nilidhani umebadili mawazo umeniletea wasifu. Nikavaa miwani, nikakaa barazani, nikamwita na Wiliam.

Nimesoma yote. Nilipoona si ya kwangu ningeweza kuacha. Sikuacha.

Habari ya ofisi imenishtua, lakini haikuniumiza kama unavyodhani. Nimewahi kufukuzwa kazi mimi, nimewahi kukaa nyumbani na kujifanya natoka kwenda kibaruani ili mama yenu asijue. Kumbe unadhani nilikusomesha kwa ajili ya kiti? Kiti nilikitangaza kwa sababu ulinipa hicho nikitangaze. Ungenipa cha kweli ningekitangaza pia, kwa sauti hii hii. Binti yangu anakwenda kwa watu ambao hakuna aliyejua hata majina yao, anawauliza, anawaandika, mama zao wanataka kusomewa tena. Melania, ndicho nilichokuwa nakitaka siku ile mkalimani aliposema maneno matatu. Ndicho hicho hicho. Ulikipata, na ukakificha kama mtu aliyeiba.

Lililoniumiza ni lingine. Huyo Chuma ulimzungukia kambi nzima. Ulijua alichukia maharage. Wageni umewaandika, baba yako umemkatalia ukamwambia uchuro.

Mimi nachukia nini? Unajua?

Unasema ukiandika "alikuwa" utakuwa umenizika. Nitazikwa hata usipoandika. Tofauti ni kwamba nitakwenda bila kujua kama mtoto wangu aliniona.

Juliana nimemwambia achague mwenyewe. Amelia sana kwa sababu yako na kwa sababu yangu.

Naishia hapa, pumzi inakata hata kwa kuandika.

Ndaki


Nyarugusu
4 Septemba 2023

Baba yangu,

Shikamoo. Nisamehe baba. Nilikuogopa, kumbe ulikuwa upande wangu muda wote. Nimelia mpaka Donatus akadhani nimeletewa habari ya msiba.

Unachukia ubwabwa uliorojeka. Unachukia mtu anayejibu swali kabla halijaisha. Unachukia redio, unasema ni sanduku linaloongea bila midomo. Nakujua baba.

Wasifu huu hapa, ndani ya bahasha hii hii. Nimeuandika kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa, ili miwani isikusumbue. Sikuandika "alikuwa" mahali popote. Nimeandika kama unavyoishi, na siku ikifika nitausoma hivyo hivyo, anayetaka kushangaa ashangae. Nanakili hapa kipande kimoja tu, ili ukianza na barua ujue kwamba nimetii:

"Mzee Ndaki Mihayo ni fundi wa mashine za kuchambua pamba. Jioni akirudi kutoka jineri, pamba inakuwa imemjaa kwenye nyusi, na binti zake wanagombania kuitoa kabla hawajamwamkia. Anaongea kwa sauti ya juu kuliko mtu yeyote Nyasubi, hata anapotoa siri, kwa hiyo mtaa mzima unajua siku aliyogombana na mkewe, nani mwenye makosa, na nani aliomba radhi kwanza. Mkewe Mariana alipofariki, aliingia jikoni mwenyewe. Aliunguza ugali, akawaambia watoto kwamba ndivyo wanavyokula mafundi, nao wakala kwa fahari. Usiku aliwasomea vitabu vya Kiingereza ambavyo yeye mwenyewe havielewi, neno baada ya neno kwa matamshi yake, kwa sababu alitaka sauti hiyo iwepo ndani ya nyumba."

Hapo penye watoto nimeandika ukweli: "Ana binti wawili. Melania anaandika habari za wachimbaji wanaofia Nyarugusu. Juliana anakwenda chuo kikuu." Nisahihishe palipo na makosa. Futa, ongeza, wewe ndiye mwenye mali.

Ningependa nilete mwenyewe, lakini duara moja limeporomoka hapa, kuna miili ya vijana wawili ya kusafirishwa na wenzao wananisubiri. Nikimaliza kuwaandika hao nakuja moja kwa moja, Jumamosi nitakuwa nyumbani. Karatasi zitangulie, mimi nafuata nyuma. Utaniambia usoni pale nilipokosea.

Mwanao anayekupenda,
Melania


Nyarugusu
15 Oktoba 2023

Baba mkubwa Wiliam,

Shikamoo. Natumaini unaendelea vizuri, na miguu imepungua kuvimba. Asante kwa kukaa nasi msibani mpaka matanga yalipoanuliwa. Ulipokuwa umekaa pale penye kiti cha baba nilikuwa naona kama naye yupo karibu.

Najua hukunisikia niliposoma wasifu makaburini. Nilisoma kama nilivyomwahidi, sikubadilisha kitu. Watu wengine walinong'ona kwamba msomi amechanganyikiwa, anamsema marehemu kama yu hai. Niliendelea. Watu wote wa Nyasubi walisikia, isipokuwa yeye aliyeuomba.

Nakuandikia kwa sababu kuna kitu kinaninyima usingizi, na kwenye kelele za msiba sikuweza kukuuliza. Juliana anasema bahasha yangu ilifika Jumanne, na wewe ndiye uliyeipokea stendi ukampelekea baba. Aliporudi nyumbani aliikuta imefunguliwa, karatasi ziko juu ya blanketi. Lakini anasema tangu Jumapili macho ya baba yalikuwa yamefifia, hata herufi kubwa kwenye chupa ya dawa hakuziona. Alhamisi asubuhi akafariki, na mimi bado nilikuwa hapa nawaandika wale vijana wawili.

Hasikii, na haoni herufi. Nani angemfikishia? Nimejiuliza kila upande, naona ukuta tu. Alisubiri tangu Juni, na mimi nilikuwa na kalamu mkononi siku zote hizo.

Kama hakusoma niambie tu, baba mkubwa. Nitajua jinsi ya kuishi nalo. Usinifariji.

Binti yako,
Melania


Nyasubi
2 Novemba 2023

Kwa binti Melania Ndaki,

Marahaba. Barua yako imefika. Umeuliza jambo moja, nalo nitalijibu, kisha nina ombi langu.

Uliyoambiwa ni ya kweli. Hakusoma.

Nilimkuta ameegemezwa mito. Juliana alikuwa amekwenda kutafuta dawa, tulibaki sisi wawili. Nikamwonyesha bahasha, akaijua kwa umbo lake, akaninyang'anya. Aliifungua mwenyewe. Akavaa miwani, akazisogeza karatasi karibu, akazipeleka mbali, akazigeuza upande wa dirisha. Akazishusha, akanitazama. Mtoto wangu, nimezika watu wengi, lakini mtazamo ule ulinishinda.

Nikafungua mdomo nimsomee, nikaufunga. Mdomo wangu hauna meno, hata mwenye macho mazima hausomi.

Sasa nikwambie kitu ambacho nyinyi watoto hamkijui. Jineri ikiwashwa hapakuwa na maneno. Tulifanya kazi kwa kutazamana usoni. Mkanda ukitaka kukatika nilijua kwa uso wa baba yako kabla mkanda wenyewe haujajijua. Akiwa na njaa nilijua, akiwa amegombana na Mariana nilijua kabla mtaa haujatangaziwa. Tumesemezana hivyo miaka mingi kuliko tuliyosemezana kwa mdomo. Herufi zilikuwa zimempotea, lakini uso ulio karibu alikuwa bado anauona.

Basi nikavuta kiti mpaka magoti yetu yakagusana. Nikachukua karatasi, nikakaa upande wenye mwanga unipige usoni, nikaanza kusoma kimya kimya. Sikujificha hata kidogo. Penye pamba kwenye nyusi nilitabasamu. Penye siri zilizosikika mtaa mzima nilicheka mpaka kikohozi kikanishika, naye akacheka. Sijui kama alijua tunacheka nini. Nadhani alijua. Penye Mariana na ugali ulioungua nililia, wala sikufuta machozi, nikayaacha ayaone. Akaweka mkono wake juu ya goti langu.

Nilipofika penye watoto nilisoma polepole, kwa maana hapo ndipo alipokuwa akipangojea. Sijui uso wangu ulisema nini. Najua nilichokuwa nakiona moyoni, kwamba binti yake amejitaja kama alivyo, mbele ya watu. Alinitazama kwa muda mrefu. Akaitikia kwa kichwa.

Nilipomaliza alizungusha kidole hewani. Ndivyo tulivyokuwa tukiambiana mashine iwashwe upya. Nikaanza tena mwanzo. Alisinzia kabla sijamfikia Mariana, lakini niliendelea mpaka mwisho, maana sikutaka kumkatia.

Hayo sikumwambia Juliana kwa sababu sikujua niyaanzie wapi. Hii ndiyo barua ndefu kuliko zote nilizowahi kuandika, mkono unauma. Juliana sasa yuko chuo. Ameniandikia kwamba amechukua hayo hayo uliyoyasoma wewe. Usimgombeze.

Ombi langu ni hili. Siku ya maziko, ulipomaliza kusoma, sisi wa benchi la nyuma tuliomba karatasi. Tulizipitisha mkono kwa mkono, tukausoma wote pale pale, jeneza bado liko juu. Tumebaki wanne tuliotoka jineri. Wote tunataka za kwetu, na tunataka kuzisoma wenyewe. Tumekubaliana tutakulipa kama anavyolipwa fundi wa majeneza, kwa sababu hii ni kazi, na mwenye kazi halali hawezi kusemwa anakula kwa vifo vya watu, kama ulivyojisema kwenye ile barua aliyonionyesha baba yako. Usituambie uchuro, hilo tumelivuka.

Njoo Nyasubi, ukae nasi, utuulize. Tutasema kwa kupiga kelele, utavumilia.

Lakini usikawie, binti yangu. Jicho langu la kushoto limeanza kuingia ukungu.

Wako,
Wiliam Makoye